Tanuri la gesi la kufulia chuma

Mwili ni kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa 30. Usikate mtungi wa gesi wa zamani. Mabaki ya gesi hulipuka kwa cheche moja. Ndani weka tabaka mbili za blanketi la nyuzi za kauri, kila moja milimita 25, kisha ulipake saruji ya kustahimili moto milimita 10. Nyuzi zikibaki wazi, vumbi lake huharibu mapafu. Saruji ikishakauka, anza na moto mdogo, la sivyo unyevu hugeuka mvuke na kuipasua.

Kichomeo: bomba jeusi la robo tatu inchi, sentimita 20. La zinki likipata moto hutoa moshi wa sumu. Gesi ipite kwenye ncha ya MIG (ncha ya mashine ya kuchomelea kwa waya) ya milimita 0.9, iliyokaa katikati kabisa ya bomba. Ikipinda, moto hukohoa.

Hapa ndipo wengi hukwama: regulata ya jikoni haina nguvu. Tafuta ya presha ya juu, ya kurekebishwa 0 hadi 2 baa, na mpira wake. Pima maungio kwa povu la sabuni. Mtungi wa kilo 6 hupoa mno na presha hushuka. Tumia wa 15 au 38.

Fanya kazi nje. Mwanza upepo wa ziwa huvuma mchana, kwa hiyo kinga tundu la hewa la kichomeo kwa bati. Kuwasha: karatasi inayowaka itangulie ndani, gesi ifuate.