Kipeperushi cha mikunjo miwili: namna ya kuandaa faili ambalo mchapaji hatakurudishia

Nazungumzia kipeperushi cha karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili, kikatoa kurasa sita nyembamba. Wafanyabiashara wanakipenda kwa kuwa kinaingia mfukoni. Matatizo yake karibu yote huanzia kwenye faili, muda mrefu kabla wino haujagusa karatasi.

Hatua ya 1: Kunja kwanza, sanifu baadaye

Chukua A4 tupu, ilaze kwa upana, ikunje, kisha andika kwa penseli kila ukurasa utabeba nini. Ukiifungua utashangaa: upande wa nje, jalada liko kulia kabisa, mgongo, yaani ukurasa wa nyuma, uko katikati, na ukurasa unaoingia ndani uko kushoto.

Sasa vipimo. A4 ina upana wa milimita 297, na wengi huugawa sawa kwa tatu, 99 kila ukurasa. Usifanye hivyo. Ukurasa unaoingia ndani ukilingana na wenzake utagota kwenye mkunjo na kujikunyata. Mpe huo milimita 97, hao wengine wawili 100 kila mmoja. Kwa hiyo upande wa nje, kutoka kushoto, ni 97, 100, 100. Upande wa ndani ni 100, 100, 97. Watu husahau kugeuza mpangilio huo wa pili, na mikunjo ikaangukia katikati ya maneno.

Hatua ya 2: Acha ziada ya kukatia

Mashine ya kukata haipiti palepale kila mara. Rangi au picha inayofika ukingoni iendelezwe milimita 3 nje ya mstari wa kukata, pande zote nne, ili faili lako liwe na milimita 303 kwa 216. Maandishi na nembo vikae ndani, angalau milimita 5 kutoka ukingoni na kutoka kwenye mikunjo.

Hatua ya 3: Picha na rangi

Picha iwe na nukta 300 kwa kila inchi katika ukubwa itakaochapwa. Picha ya kujaza upana wa ukurasa mmoja inahitaji takriban pikseli 1,200 kwenda kando. Iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida huwa imebanwa. Omba ile ya awali. Nembo iombe katika muundo wa vekta (mchoro wa mistari, si wa pikseli), ambao haufifii hata ukikuzwa.

Badilisha rangi kutoka RGB (mfumo wa rangi za skrini) kwenda CMYK (mfumo wa wino nne za uchapaji) mwenyewe, usimwachie mchapaji. Kijani kikali na bluu inayong'aa kwenye skrini hupoa zikichapwa, na ni heri ulione hilo mapema. Maandishi madogo meusi yatumie wino mweusi pekee, asilimia 100. Yakichanganywa wino nne, pleti (mabamba yanayobeba picha ya kila wino) zikihama hata kidogo tu, herufi zinaota kivuli.

Hatua ya 4: Karatasi

Karatasi ya gramu 130 hadi 150 kwa mita ya mraba inatosha na inakunjika vizuri. Ukizidi 170, agiza ipigwe mstari wa mkunjo kwanza, la sivyo rangi itapasuka pale inapokunjwa. Uliza pia kama nyuzi za karatasi zitafuata mwelekeo wa mkunjo. Kama kuna fomu ya kujazwa kwa kalamu, achana na karatasi ya kung'aa. (Binafsi sioni faida ya kupaka plastiki kipeperushi kinachogawiwa bure.)

Hatua ya 5: Idadi

Nakala chache, chapa kwa dijitali, moja kwa moja kutoka kwenye faili bila pleti. Ofseti, njia ya pili ya kuchapa, inahitaji pleti, na gharama ya pleti hizo ni ileile uchape nakala kumi au elfu kumi, hivyo inalipa idadi ikiwa kubwa. Omba bei za zote mbili.

Hatua ya 6: Kabla ya kusema "chapa"

Hifadhi PDF yenye fonti ndani yake na alama za kukatia. Ichape kwa ukubwa kamili, asilimia 100, pande mbili, uikunje. Piga simu kwa namba iliyochapwa, usiisome tu kwa macho. Soma msimbo wa QR kwa simu zaidi ya moja. Msimbo huo uwe na upana wa angalau sentimita 2 na nafasi nyeupe kuuzunguka. Kisha omba nakala ya majaribio kwenye karatasi ileile utakayotumia, na uiidhinishe kwa maandishi.

Mzigo ukifika, usikague nakala za juu tu. Chomoa chache katikati ya bunda na chache chini, uzilinganishe rangi na mikunjo na ile uliyoidhinisha, kabla hujasaini kupokea.