Mwani kwenye slari ya nguruwe: jinsi ya kujua ni nini kinauua

Watu wengi wakisikia slari ya biogesi, yaani uji wa kinyesi unaobaki mtambo ukishatoa gesi, ina naitrojeni na fosforasi tele wanaimwaga tu kama mbolea kwenye bwawa la mwani (huu mdogo wa kijani wa majini, sio ule wa baharini), siku chache maji yanakuwa rangi ya chai ya rangi, harufu inarudi palepale, halafu lawama zote kwa mbegu, yaani ule mwani wa kuanzishia. Mbegu iacheni kwanza jamani, anzeni kuchunguza bandani.

Hatua ya 1: andika kila kinachoingia bandani

Daftari la kawaida linatosha. Sindano gani imechomwa, chakula kina nini, sakafu imeoshwa na nini. Vyakula vingi vya nguruwe vinaongezwa kopa (shaba) na zinki na sehemu kubwa inatoka na kinyesi. Sasa kopa ndo hiyohiyo iliyoko kwenye mrututu, na mrututu watu wanautumia kuulia mwani kwenye mabwawa, kwa hiyo ikizidi kwenye slari mwani hauponi. Halafu kuna OTC, yaani oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria wanayotibiwa nayo nguruwe, ile nayo kiasi kikubwa kinatoka kwenye mkojo na kinyesi kikiwa bado na nguvu, mtambo wa biogesi unaipunguza ila hauimalizi, na inaugusa mwani kwa sababu kloroplasti, ile sehemu ya kijani ndani ya seli, inatengeneza protini kwa mtindo wa bakteria. Kwa aina za mwani, spirulina ndo inaumia zaidi maana yenyewe ni jamii ya bakteria kabisa, ndo maana kwa kazi hii mi nashauri aina za klorela au senedesmasi. Dawa za kuoshea sakafu zenye benzalkoniamu usiziruhusu hata kidogo, maji ya siku hiyo yapeleke shimo lingine.

Hatua ya 2: tuliza, chuja

Siku mbili kwenye pipa, chota maji ya juu, pitisha kwenye kitambaa. Basi.

Hatua ya 3: jaribu kwenye chupa kwanza

Hapa naomba usiruke, hata kama una haraka vipi. Chukua chupa tano safi za plastiki zinazopitisha mwanga, kila moja weka mililita 200 za mbegu ya mwani. Chupa ya kwanza haipati slari kabisa, inapata maji na mbolea yako ya kawaida ya mwani. Zingine weka slari mililita 20, 50, 100 na 200, kisha zote jazia maji safi hadi lita moja. Usikaze vifuniko, ziweke penye mwanga ila sio jua la kuchoma, tikisa asubuhi, mchana, jioni, angalia kwa wiki moja.

Soma hivi. Ya kwanza ikifa, kweli mbegu ni mbovu. Ya 20 na 50 zikikolea kijani ila ya 200 ikabaki kahawia, ni amonia au ni giza la slari yenyewe. Hata ya 20 ikipauka na mwani kuzama chini wakati ya kwanza inang'aa, rudi kwenye daftari, kuna dawa au kopa. Na ukitaka kutofautisha giza na sumu, chukua chupa nyingine ya mwani mzuri, funga kabisa, izamishe kwenye ndoo ya plastiki angavu yenye slari ya kiwango kilekile cha ya 200, mwanga unapita kwenye slari lakini mwani haugusani nayo. Ukidorora na humo ndani, basi shida ni mwanga.

Hatua ya 4: amonia na pH

Mwani unakula amoniamu, lakini sehemu inayogeuka amonia huru inapenya kwenye seli na kuvuruga usanisinuru. Kinachoamua ni joto na pH, yaani kipimo cha maji kuwa na asidi au alkali. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 8 amonia huru ni kama asilimia 5, ikifika 9 inaruka hadi kama 36, maji ni yaleyale na slari ni ileile! Na mwani wenyewe ndo unapandisha pH maana mchana unanyonya kaboni dioksaidi. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi kinakudanganya, pima saa nane au saa tisa mchana. Ukikuta imepita 8.5 usiongeze slari siku hiyo, ongeza maji, koroga.

Hatua ya 5: peleka bwawani taratibu

Kina sentimita 20 hadi 30 tu, zaidi ya hapo chini hakuna mwanga. Anza na kiwango kidogo kuliko chupa iliyofanya vizuri, ongeza kidogokidogo kila siku ili mwani uzoee. Nguruwe wakichomwa sindano za dawa, slari ya siku hizo ipeleke kwenye mboji.

Na ukivuna, kumbuka kopa na zinki haziozi, zinajikusanya kwenye seli za mwani. Usilishe kuku wala samaki mpaka maabara ipime metali na vimelea, kwa sasa tumia kama mbolea ya miti au nyasi, na hiyo nayo usirundike sehemu moja kila msimu.