Kuchangisha hela ya draiva ya netiweki kwa pfSense na OPNsense zinazokaa kwenye mashine pepe

Wadau, swali hili naulizwa sana na mafundi wenzangu: fayawoli ya chanzo huria kama pfSense au OPNsense iko ndani ya mashine pepe, laini ni nzuri, seva ina nguvu, lakini spidi haipandi na kila dalili inaonyesha draiva ya kadi ya netiweki, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na kadi, ndo inabana, sa tukichanga tumlipe mtu atuandikie tunaanzia wapi? Inawezekana kabisa na wala sio kitu kipya. Mwaka 2006 Colin Percival, aliyekuwa ofisa usalama wa FreeBSD, mfumo endeshi ambao fayawoli hizi zimejengwa juu yake, aliomba watu wamchangie ili miezi ya kiangazi afanye kazi ya FreeBSD peke yake, watu wakatoa, na freebsd-update, zana ya kusasisha mfumo aliyokuwa anaishughulikia, ikawa sehemu ya mfumo wenyewe kuanzia toleo la 6.2. Mwaka mmoja kabla yake Andre Oppermann alichangiwa namna hiyohiyo kwa kazi ya TCP/IP. Kickstarter yenyewe, lile jukwaa la kuchangishana mtandaoni, ilikuja 2009, kwa hiyo hao walichangiwa kwa kuaminiwa tu na watu wanaojua kazi yao.

Kabla hujaomba hata shilingi moja, hakikisha kwamba ni draiva kweli. Hapa ndo naomba utulie maana watu wengi wanaruka. Kadi ya e1000 unayoiona ndani ya mashine pepe ni kadi ya kuigiza, fayawoli inaamini inaongea na chipu ya Intel, na mara nyingi inapogusa rejista za hiyo kadi prosesa inabidi itoke nje kwenda kwa haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) ikahudumiwe halafu irudi, sasa fikiria pakiti laki kadhaa kwa sekunde. Virtio ni tofauti, pande zote mbili zinajua kwamba hakuna kadi pale, zinashirikiana kipande cha kumbukumbu chenye foleni, huyu anaweka na yule anachukua. Kwa FreeBSD, ambayo ndo msingi wa pfSense na OPNsense zote mbili, draiva za namna hiyo ni vtnet kwa KVM na Proxmox, vmx kwa VMware, hn kwa Hyper-V na xn kwa Xen. Kama bado uko kwenye e1000, hamia kwanza, huenda ishu ikaishia hapo na hela za watu zikabaki mifukoni mwao.

Ukiwa tayari kwenye vtnet, pima. Weka mashine moja upande wa LAN (ndani) na nyingine upande wa WAN (nje), endesha iperf3, programu ya kupima spidi, kati yao ili pakiti zipite NDANI ya fayawoli, usiendeshe iperf3 kwenye fayawoli yenyewe maana hapo unaipa kazi mbili na namba zitakudanganya. Wakati inaendelea fungua top -aSH uone ni uzi gani unakula prosesa, kama kiini kimoja kimejaa na vingine vimelala basi una kitu cha kuonyesha watu. Andika kila namba: toleo la fayawoli, toleo la haipavaiza, aina ya prosesa, idadi ya foleni, matokeo ya e1000, ya vtnet, na ya chuma kitupu, yaani fayawoli bila mashine pepe, kama unacho.

Nasisitiza hili kwa sababu yalinikuta. Nilifunga fayawoli kwenye Proxmox kwa ajili ya shule, ping inaenda vizuri kabisa lakini kurasa hazifunguki, zinaanza zinaganda, nikakaa karibu wiki mbili nimeshaamua moyoni kwamba draiva ni mbovu. Kumbe ni kazi ya kuhakiki pakiti kwa namba yake ya ukaguzi (checksum) iliyoachiwa kadi, na kwenye vtnet hiyo inatakiwa izimwe, kwa pfSense unaenda System, Advanced, Networking, unaweka tiki pale pa kuzima "hardware checksum offload", unawasha upya, basi. Ningekuwa nimechangisha kwa ajili ya tiki moja, ningewaangaliaje waliotoa?

Sa tuseme umepima na tatizo ni la kweli. Mfano mzuri wa kazi inayofaa kulipiwa ni ALTQ. Kwa miaka mingi keneli ya FreeBSD ikijengwa na ALTQ, ambayo ni ile njia ya zamani ya kupanga foleni za trafiki, vtnet ilikuwa inarudi kwenye namna yake ya zamani ya kutuma na uwezo wa foleni nyingi unaachwa, hivyo hata ukimpa prosesa nane ulikuwa unakuta kazi inabanwa kwenye foleni moja. Hiyo ni kazi yenye mipaka, unaweza kuielezea kwa sentensi mbili na mtu akajua imeisha lini. "Boresheni vtnet" sio kazi, ni maombi.

Halafu tazama kama dawa haijapatikana tayari huko juu, yaani ndani ya FreeBSD yenyewe. Soma historia ya Hyper-V: Microsoft, NetApp na Citrix walitangaza draiva zake kwa FreeBSD mwaka 2012, zikaingia FreeBSD 10.0 Januari 2014, na pfSense ikazipata kwenye 2.2 Januari 2015 kwa sababu matoleo ya 2.1 yalikuwa bado yamekaa juu ya FreeBSD 8.3. Muda wote ule mtu wa Hyper-V alikuwa anatumia kadi ya kuigiza ya zamani ya DEC yenye megabiti 100. Mtu ambaye angechangisha katikati ya 2014 ili draiva iandikwe angelipia kitu ambacho kipo, wakati kilichohitajika ni kusogeza fayawoli kwenye FreeBSD mpya. Kwa hiyo fungua msimbo wa tawi kuu la FreeBSD, pale kazi mpya zinapoingia kwanza, angalia draiva yako imeguswa lini, kisha angalia fayawoli yako imejengwa juu ya toleo gani.

Sasa mtu wa kufanya kazi. Mpate KABLA ya hela, usianze kukusanya ukitegemea atajitokeza. Tafuta aliyewahi kugusa draiva hiyohiyo, majina yapo kwenye historia ya msimbo, mwandikie kwa heshima, mpe vipimo vyako, muulize inachukua muda gani na anataka kiasi gani. Muulize pia nani ataikagua, kwa sababu mwenye ruhusa ya kuingiza msimbo FreeBSD ni mtu mwingine kabisa anaweza kuwa na shughuli zake, na huyo naye muda wake una thamani. Na leseni: msimbo mwingi wa draiva za Linux uko chini ya GPL, leseni inayotaka kazi inayotokana nao nayo ibaki chini yake, mtu asikuahidi kwamba "naunakili tu nauhamisha", FreeBSD hawataupokea hivyo. Vmx ilitoka OpenBSD na ndo maana ilihamishika bila shida.

Mimi naamini kosa kubwa kuliko yote ni kuchangia draiva iandikwe badala ya kuchangia draiva iingie kwenye FreeBSD. Draiva iliyokaa pembeni kama kiraka itakufa kwenye apdeti ya kwanza ya keneli. Na kuingia bila kukaguliwa nako hakusaidii, kumbuka WireGuard, ile njia ya VPN: Netgate, kampuni yenye pfSense, walilipia iandikwe ndani ya keneli, ikaingia, ikatoka na pfSense 2.5.0 Februari 2021, mwezi uliofuata Jason Donenfeld aliyeianzisha WireGuard na wenzake wakaupitia msimbo wakakuta matatizo mengi, ukaondolewa kabla FreeBSD 13.0 haijatoka na pfSense 2.5.1 nayo ikautoa. Ilirudi ndani ya FreeBSD kwenye 13.2 mwaka 2023 ikiwa imeandikwa upya. Hapo ni kampuni yenye wataalamu, sembuse sisi tuliochanga elfu kumi kumi. Weka fungu la ukaguzi tangu siku ya kwanza na uliandike wazi.

Kuhusu hela, sisi michango tunaijua, hakuna harusi bila kamati na mweka hazina, tumieni hivohivo. Watu watatu, wawili wakubali ndipo hela itoke, daftari liwe wazi kwa kila aliyetoa hata kama alitoa buku. Mimi ningegawa hivi: asilimia 20 anapoanza, 30 msimbo ukijengwa na ukapimwa na watu wawili wasiomjua, 50 ukishaingia tawi kuu. Nusu nzima inakaa mwisho kwa makusudi. Wa hapa nyumbani wachange kwa simu kwenda kwa mweka hazina, wa nje watumie jukwaa kama Open Collective ambapo matumizi yanaonekana, halafu mweka hazina atume kwa mkupuo mmoja maana makato ya kutuma kidogokidogo nje ya nchi yanaumiza. Soma masharti ya jukwaa lolote mpaka mwisho. Bountysource lilikuwa maarufu sana kwa kazi hizi, mwaka 2020 likatangaza masharti kwamba hela isiyochukuliwa ndani ya miaka miwili itakuwa ya kwao, watu wakapiga kelele wakarudi nyuma, na 2023 wakalalamikiwa kwamba waliomaliza kazi hawalipwi.

Andika pia mapema lengo lisipofika mtafanyaje. Kurudisha? Kupunguza kazi? Kupeleka kwa FreeBSD Foundation, taasisi inayofadhili kazi za FreeBSD? Lolote sawa, mradi liwe limesemwa kabla ya mtu wa kwanza kutoa.

Kazi ikianza, toa taarifa kila wiki mbili hata kama ni mistari mitatu, na weka vipimo vyako vya mwanzo pembeni ya vipya, iperf3 ileile, mashine zilezile. Msimbo ukiingia tawi kuu wape wachangiaji namba ya badiliko lenyewe ili kila mtu akalione kwa macho yake, halafu fuatilia urudishwe kwenye tawi tulivu (stable) ambalo fayawoli yako inalitumia, hapo inabidi uwaandikie watu wa pfSense au OPNsense ukiwa na namba hiyo mkononi. Na usifunge daftari bado, acha kiasi kidogo cha kumlipa yuleyule fundi akarudie vipimo FreeBSD inayofuata ikitoka.