Kubuku daktari Nairobi na kushika tarehe za kliniki: venye sisi hufanya

Mamangu ako na presha na sukari, na kwetu mimi ndiye nilipewa kazi ya kushika tarehe zake za kliniki. Nimekaa kwa zile benchi za mbao huku Eastlands asubuhi nyingi sana, na kitu nimeona ni kwamba muda mwingi watu hupoteza hospitali hupotea hata kabla wamuone daktari, kwa vitu vidogo vingefanywa jana yake mtu akiwa nyumbani. Kwa hivyo wacha niandike venye sisi hufanya, pengine itasaidia mtu ako na mzazi mgonjwa ama mtoto mdogo, ama ni yeye mwenyewe anaumwa na hajui aanzie wapi.

Kwanza hii. Mtu akishikwa na maumivu ya kifua, ama uso ulegee upande mmoja na maneno yakatae kutoka, ama ashindwe kupumua, ama ni mjamzito na anatoka damu, hapo hakuna kubuku. Mpeleke kasualti iliyo karibu na wewe sai sai, na kama huna gari piga 999 ama 112, ama 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Sasa ile ya kawaida. Anza kwa kujua shida yako ni ya kupelekwa wapi. Kenya hospitali zimepangwa kwa levo: dispensari ni levo 2, kituo cha afya ni levo 3, juu yake ziko za kaunti kama Mama Lucy na Mbagathi, halafu Kenyatta ni levo 6. Homa, kikohozi, tumbo, kidonda, kupima presha, chanjo ya mtoto, hizo zote anzia dispensari ama kituo cha afya cha mtaa wenu. Watu wengi huruka hapo wanaenda moja kwa moja hospitali kubwa juu wanafikiria ndiko kuna daktari wa ukweli, wanakaa kutwa nzima, na mwenye anawaona mwishowe ni klinikal ofisa, kama yule tu wangepata pale karibu na kwao. Kenyatta nayo ni ya rufaa, so ukitaka kliniki ya spesholisti kule, shika barua ya rufaa kutoka kwa mwenye alikuona kwanza, na uisome kabla utoke kwa chumba chake: jina lako liwe sawa na la kitambulisho, na kuwe na muhuri.

Pesa nayo. NHIF, ile bima ya afya ya serikali, iliisha, SHA ikaingia mahali pake tarehe 1 Oktoba 2024, na ilibidi watu wajisajili upya, kwa hivyo ile kadi ya zamani usiitegemee. Unajisajili kwa *147# ama kwa Afya Yangu kwa mtandao, na uongeze mke ama mume na watoto hapo hapo, usiseme utaongeza baadaye. Mwenye ameandikwa kazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kitu watu wengi hawajui ni hiki: dispensari na kituo cha afya zinalipwa na serikali kwa mfuko tofauti, so ukiwa umejisajili tu unafaa kutibiwa hata kama mchango wako hauko sawa. Ni ukipanda huko juu ndio wanaangalia kama umelipa. Sisi huangalia hiyo statasi jioni kabla ya siku ya kliniki, kwa simu, dakika mbili, kwa sababu kugundua ukiwa kwa kaunta na watu ishirini nyuma yako ni kitu kingine. Pia ile laini ulijisajili nayo iwe kwa simu na simu iwe na chaji. Sisi tumewahi kuulizwa alama ya kidole, na tumewahi kuulizwa namba ya siri inakuja kwa meseji, na kama laini iko kwa simu ya kijana wako ako kazini Industrial Area, utamngoja.

Kwa hospitali ya serikali kawaida hupigi simu kubuku. Unaenda, unasajiliwa, unapimwa presha na joto na kilo, unaona daktari, na kama ni ugonjwa wa kurudi rudi anakuandikia tarehe. Ukiona TCA na tarehe kwa kitabu, hiyo ndio siku ya kurudi. Tarehe unapewa lakini saa hupewi, so wote wa siku hiyo wanaamka mapema. Ukifika kitu cha kwanza unauliza "wa mwisho ni nani?" na unamkariri huyo mtu, nguo yake, kila kitu, kwa sababu yeye ndiye namba yako. Mahali tunaenda kuna baba mmoja huwa anafika kabla ya kila mtu, anachukua kile kitabu cha shule cha mtoto, cha mraba, anaandika majina kwa kufuatana venye watu wanaingia, na sista akifungua mlango anampea. Hakuna mtu alimtuma. Asubuhi ile ako hapo hakuna kelele, na asubuhi hayuko watu wanagombana mpaka mzee wa miaka themanini anasukumwa. Kama kwenu hakuna mtu kama huyo, beba kalamu na karatasi uanzishe wewe.

Kliniki nyingi ziko na siku zake, sukari siku yake, presha siku yake, wajawazito siku yao. Uliza kabla, ubaoni huwa imeandikwa. Chanjo za watoto pia, na hapo wazazi hukasirika bure bila kujua sababu. Chanjo kama BCG na ya surua huja kwa chupa moja ya watoto wengi, na ikishafunguliwa inafaa imalizwe ndani ya saa sita, ikibaki inamwagwa. Ndio sista anawapanga watoto waje pamoja. Kwa hivyo ukiambiwa uje Alhamisi, njoo hiyo Alhamisi na kile kitabu cha mama na mtoto. Zile za wiki 6, 10 na 14 ukichelewa usijifiche nyumbani juu ya aibu, peleka mtoto, watampanga upya.

Praiveti ndiko utabuku kwa simu ama WhatsApp. Usiandike "hi" ungoje. Andika kila kitu mara moja: jina kama liko kwa kitambulisho, miaka, unaumwa na nini kwa maneno machache, ni mara ya kwanza ama ulikuwa hapo, unalipa na bima gani ama pesa mkononi, na siku mbili tatu unaweza. Kisha uliza vitu vitatu: kumuona daktari ni pesa ngapi, hiyo pesa ni pamoja na kurudi kuonyesha majibu ya maabara ama utalipa tena, na daktari mwenyewe huingia saa ngapi. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko venye inakaa, juu unaweza kupewa saa tatu na daktari ako bado wodini hospitali nyingine anaingia saa tano. Wakikuambia ulipe kwanza kwa M-Pesa, angalia jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na uiweke ile meseji. Na kama ni kliniki hujawahi kusikia, ingia kwa tovuti ya KMPDC, lile baraza linasajili madaktari na hospitali, utafute kama imesajiliwa, na daktari pia.

Halafu saa. Jirani yetu mmoja, mama mzee, alitumiwa meseji ya 8:00, akaja saa nane mchana na leso yake safi amejiandaa vizuri, akaambiwa daktari alitoka kitambo. Iliniuma sana. Ukibukia mzazi, mwambie kwa mdomo "saa mbili asubuhi", na ukiwa wewe ndiye unapiga simu, rudia hivyo hivyo kwa mwenye anapokea mpaka akubali.

Ukijua hutaweza kufika, sema mapema. Praiveti piga simu jana yake. Serikali tuma mtu na kitabu ama uende mwenyewe siku moja mbili kabla, wakubadilishie tarehe. Kuna watu wakishakosa tarehe moja wanaogopa kugombezwa, wanakaa miezi mitano bila dawa, presha inapanda kimya kimya, na siku wanarudi wanarudi wamebebwa. Sista akikugombeza atakugombeza dakika moja, halafu atakuandikia dawa. Rudi tu.

Jioni kabla ya kliniki sisi huweka kila kitu kwa mfuko mmoja: kitambulisho, kitabu cha kliniki, majibu ya maabara ya mwisho, na paketi za dawa zenyewe hata zile zimeisha. Usimwambie daktari "ile tembe ndogo nyeupe", nyeupe ziko mingi. Maswali tunaandika kwa karatasi, matatu tu, lile la muhimu juu kabisa, kwa sababu ndani unaweza kuwa na dakika tano na mama akishaona daktari anasema yuko sawa wakati usiku wote alikuwa analalamika miguu inawaka.

Kama ni kupimwa sukari kabla ya kula, ni masaa nane bila chakula, maji tu. Ile ya kuangalia sukari ya miezi mitatu haihitaji ulale njaa, so uliza ni gani wanataka siku hiyo, na uulize pia asubuhi hiyo dawa ya sukari utameza saa ngapi, kwa sababu kumeza na tumbo tupu kunaweza kushusha sukari mtu aanguke. Mama hubeba viazi vitamu viwili kwa kontena, akishatolewa damu anakula hapo hapo kwa benchi. Na presha, usikubali kupimwa umetoka tu kukimbia kutoka steji. Omba ukae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, bila kuongea. Siku moja ya mvua mama alifika akihema, akapimwa hapo hapo, daktari karibu amwongezee dawa, tukaomba arudiwe na ikawa chini kabisa.

Mwisho, usitoke kwa dirisha la dawa kabla ya kuangalia tarehe na kuhesabu tembe, vyote viwili. Kwanza tarehe, iangalie kwa kalenda ya simu. Sisi mwaka mmoja tuliandikiwa 20 Oktoba, hakuna mtu alikumbuka ni Mashujaa, mimi pia sikuangalia, tukaenda tukapata geti imefungwa na dawa ilikuwa imeisha jana yake. Kisha hesabu. Kama ni tembe moja kwa siku, umepewa 30 na tarehe ya kurudi ni wiki tano, hizo ni siku 35, una upungufu wa tembe tano. Rudi dirishani hapo hapo umuonyeshe, "sista, hizi hazitafika tarehe," na mara nyingi ataongeza ama atasogeza tarehe karibu. Mimi huhesabu nikiwa bado nimesimama hapo, mama ameshika mfuko, na tarehe mpya naiweka kwa simu yangu na ya dada yangu kabla tuvuke barabara.