Kuikagua pikipiki ya motokrosi ukiwa Mbeya

Kabla ya kuiwasha pikipiki ya motokrosi (ya mashindano ya njia za vumbi) unayotaka kuinunua, gusa injini. Ukiletewa ikiwa ya moto, subiri ipoe kabisa. Iwashe, ipate moto, izime, kisha piga kiki tena. Yenye injini ya mipigo minne (four-stroke) inayowaka vizuri ikiwa ya baridi lakini inagoma ikiwa ya moto, mara nyingi nafasi ya valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, imebana. Matengenezo yake ni ghali, nawaambia vijana wangu kila siku.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Hata injini nzima hupungukiwa nguvu hapa. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam itazidisha petroli: moshi mweusi, plagi ina masizi, injini inakohoa ukivuta mafuta ghafla. Usiikatae kwa hilo, weka jeti ndogo zaidi, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Yenye injeksheni, inayopimiwa petroli kwa kompyuta badala ya kabureta, hujirekebisha.

Mimi muda mwingi naumalizia kwenye uthabiti wake. Inyanyue kwenye stendi, tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia. Likicheza, chunguza beringi. Geuza usukani polepole. Usukani ukinasa katikati, beringi za shingo zimeliwa.

Kisha pima kutoka ekseli ya nyuma hadi madigadi, gurudumu likiwa hewani, halafu mwendeshaji akiwa juu na mavazi yote. Tofauti ya vipimo hivyo viwili iwe karibu milimita 100 hadi 105. Ikizidi, mbele panakuwa pepesi na haikati kona. Ikipungua, inayumba kwenye kasi. Barabara ya vumbi ya mteremko itakuonyesha hilo mapema.