Jaribio la maharage: badilisha kitu kimoja tu

Mnaosaidia watoto kwenye jaribio la kuotesha maharage kwenye mwanga na gizani, ili waone mwanga unaleta tofauti gani, angalieni hili: kopo moja likikaa dirishani na jingine kabatini, lile la dirishani hupata mwanga na joto pia. Matokeo yakitofautiana, mtoto hawezi kujua sababu ni ipi. Wekeni makopo yote mahali pamoja, kisha mfunike moja kwa boksi lisilopitisha mwanga. Pamba ileile, maji kipimo kilekile, na mbegu kumi kila kopo, maana ikiwekwa moja tu ikaoza, jaribio limeishia hapo. Pamba iwe na unyevu tu. Mbegu iliyozama majini hukosa hewa.

Kabla ya kuanza, mtoto aandike anachotarajia. Wengi husema za gizani hazitaota. Zitaota, kwa sababu harage lina akiba yake ya chakula. Linahitaji maji, hewa na joto la kutosha. Tofauti huja baadaye: miche ya gizani hurefuka upesi, lakini ni myembamba na ya manjano. Kwa hiyo msipime urefu peke yake, mtoto asije akahitimisha kuwa giza ndilo bora. Aandike pia rangi, unene wa shina na ukubwa wa majani.