Kucheza vita vya Tanga vya 1914 mezani ukiwa peke yako

Mchezaji wa vita vya mezani asiye na mpinzani hukabiliwa na tatizo moja kubwa kuliko uhaba wa askari wa kuchezea au wa nafasi, nalo ni kwamba anazijua siri za pande zote mbili. Mchezo utakuwa na maana iwapo tu maamuzi ya upande mmoja yataondolewa mikononi mwake na kukabidhiwa dadu, karata na kanuni alizoziandika kabla ya kuanza. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kati ya Waingereza na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, yanafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu jeshi lililoshambulia liliingia vitani bila kujua adui yuko wapi wala ana nguvu kiasi gani.

Meli zilizobeba takriban askari 8,000 kutoka India, wakiongozwa na Jenerali Arthur Aitken, zilifika mbele ya Tanga tarehe 2 Novemba. Badala ya kushambulia mara moja, Waingereza waliwapa Wajerumani taarifa, na muda huo ukamwezesha kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, kuleta askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi. Shambulio kubwa la tarehe 4 lilipofika mjini, walinzi walikuwa kama 1,000, wengi wao Waafrika, nao waliwarudisha washambuliaji hadi ufukweni.

Tenga meza au sakafu yenye sentimita 120 kila upande. Bahari iwe kaskazini, Raskazone waliposhukia washambuliaji iwe mashariki, na nyumba za mji ziwe magharibi. Mbele ya mji, weka vipande viwili vya kamba vinavyokwenda sambamba kuonyesha bonde lililochimbwa kwa ajili ya reli, kwa kuwa hapo ndipo mapigano yalipokuwa makali. Sehemu kubwa iliyobaki iwe mashamba na vichaka, ambavyo unaweza kuvionyesha kwa vitambaa vya kijani. Askari wa plastiki wanafaa, na askari waliochorwa kwenye karatasi ya manila wanafaa vilevile.

Wewe utaongoza washambuliaji: vikosi 8 vya askari 5. Walinzi watakuwa na vikosi 6 vya askari 4 pamoja na bunduki 2 za rashasha. Uwiano huu haulingani na ule wa kweli, nami nimeupunguza makusudi ili walinzi wasizidiwe kwa wingi tu. Kikosi husogea sentimita 15 mahali pa wazi na 10 vichakani, na hufyatua risasi hadi sentimita 30, dadu moja kwa kila askari. Ukipata 5 au 6, adui mmoja aliye mahali pa wazi huondolewa. Aliyejikinga huondolewa kwa 6 pekee. Rashasha hurusha dadu 4. Kikosi kilichopoteza askari wawili katika zamu moja kipime ari yake kwa dadu moja, na kisipopata 4 au zaidi, kirudi nyuma sentimita 15.

Sasa tuje kwenye kiini cha mchezo. Andaa vikaratasi 9, viwili vikiwa na alama ya kikosi, kimoja na alama ya rashasha, na 6 vikiwa vitupu. Vichanganye, kisha vipange kifudifudi kando ya reli na kwenye nyumba za mwanzo. Kikosi chako kikikaribia kikaratasi kwa sentimita 30 na kukiona, kigeuze. Kama kina askari, waweke mezani nao wafyatue papo hapo. Utajikuta unawaza kwa uzito ni wapi pa kupenya, kwa kuwa kweli hujui.

Mpangilio wa zamu uamuliwe na karata. Vikosi vyako vipewe kopa kuanzia 2 hadi 9, na walinzi wapewe shupaza kadiri wanavyojitokeza. Changanya karata hizo pamoja na ree ya uru na ree ya pau, kisha fungua moja moja. Ree ya uru humaliza zamu hata kama kuna vikosi ambavyo havijatenda lolote. Ree ya pau ni nyuki, ambao siku ile walichokozwa kwenye mizinga yao wakawauma askari wa pande zote mbili: kikosi kilicho vichakani karibu zaidi na reli, kiwe chako au cha adui, hurudi sentimita 15.

Karata ya mlinzi ikitokea, rusha dadu kwa niaba yake. Kwa 1 hurudi mjini, kwa 2 hadi 5 hubaki na kufyatua, na kwa 6 hutoka kukishambulia kikosi chako kilicho karibu zaidi. Ongeza 2 iwapo kikosi chako cha mwisho upande wa kusini hakina mwenzake ndani ya sentimita 15, kwa kuwa ni ubavu huo ambao Lettow-Vorbeck aliuzunguka. Wanapogusana, kila askari hurusha dadu moja, 5 na 6 huondoa adui, na upande uliopoteza zaidi hurudi nyuma.

Kuanzia zamu ya 3, rusha dadu kila zamu inapoanza. Ukipata 5 au 6, treni imefika upande wa magharibi na vikosi viwili. Treni ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho, huleta pia rashasha iliyobaki. Kwa kila kikosi kinachoshuka, dadu ya 1 hadi 3 hukipeleka kwenye reli, na 4 hadi 6 hukipeleka kusini kuutafuta ubavu wako.

Kabla ya kufungua karata ya kwanza ya kila zamu, andika agizo la kila kikosi chako na ulifuate. Nalisisitiza sana jambo hili, kwani mchezaji wa peke yake hushawishika kubadili nia mara tu bahati inapomgeuka. Umeshinda ikiwa mwishoni mwa zamu ya 10 una vikosi viwili upande wa magharibi wa reli. Mchezo wa pili, jaribu kuanza kurusha dadu ya treni katika zamu ya 6, kana kwamba Aitken alishambulia siku ileile aliyofika.